Kocha Akishapigwa Kalamu, Nini Kinabaki?

Wasee, tuongee ukweli. Timu kubwa ya Uingereza ikipigwa mechi tatu mfululizo, mashabiki tunagawanyika makundi mawili kabla hata refa hajatoka uwanjani. Kundi la kwanza lina neno moja tu: atoke! Kundi la pili linajibu: mpeni muda, hata Ferguson alipewa muda. Hapo mjadala unakwama. Kila upande unarudia sentensi yake, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka wikendi nyingine ifike tuanze tena.

Shida yangu na makundi haya ni kwamba historia inawakataa yote mawili. Kuna makocha waliopewa muda wakashinda kila kitu, na kuna waliopewa muda wakaambulia patupu. Kuna klabu zilizomfuta kocha zikabeba kombe la Ulaya miezi michache baadaye, na kuna zilizomfuta zikazama zaidi. Kwa hivyo "atoke" na "apewe muda" ni majibu ya swali ambalo hatujauliza. Swali lenyewe ni hili: huyu kocha akienda kesho asubuhi, klabu inabaki na nini?

Mwaka mzuri wa kuanzia ni 1974, kwa sababu mwaka huo klabu tatu kubwa zilipimwa na swali hili kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni Manchester United. Matt Busby alikuwa ameishika tangu 1945. Alijenga kikosi cha vijana, kikosi kikavunjwa na ajali ya ndege ya Munich tarehe 6 Februari 1958, iliyoua watu 23, wanane kati yao wachezaji wa United. Akaanza upya kutoka chini, na miaka kumi baadaye, 1968, akabeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Huyo mtu alikuwa ndiye klabu. Alinunua, aliuza, alipanga, aliamua. Alipoacha ukocha mwaka 1969, kazi ilipewa Wilf McGuinness, kijana wa miaka 31 aliyekuwa akifundisha timu ya akiba.

Hebu fikiria hiyo hali. McGuinness na Bobby Charlton walizaliwa mwezi mmoja, Oktoba 1937. Walikuwa wamecheza pamoja. Sasa mmoja ni bosi wa mwingine, na Busby mwenyewe bado yuko jengoni kama meneja mkuu, na mwanzoni McGuinness hata hakupewa cheo cha meneja. Kijana alijaribu. Aliifikisha timu nusu fainali tatu na akapoteza zote, ya mwisho mbele ya Aston Villa ambayo wakati huo ilikuwa daraja la tatu. Desemba 1970 akapigwa kalamu na Busby akarudi kushika usukani kwa muda.

Akaja Frank O'Farrell mwaka 1971. Timu yake ilikuwa ikiongoza ligi kuelekea mwisho wa mwaka huo, halafu ikaporomoka mpaka nafasi ya nane. Desemba 1972 wakachapwa 5-0 na Crystal Palace, naye akaenda. Akaja Tommy Docherty, na mwezi Aprili 1974, United ikashuka daraja. Miaka sita tu baada ya kuwa mabingwa wa Ulaya! Kila mtu anakumbuka bao la kisigino la Denis Law, gwiji wa United aliyekuwa amehamia Manchester City, na stori ya mtaani ni kwamba yeye ndiye aliyewashusha. Si kweli. Matokeo ya viwanja vingine siku hiyo yangewashusha hata kama Law asingefunga. Lakini sisi mashabiki tunapenda kisa chenye uso wa mtu mmoja. Ni rahisi kukumbuka kisigino kuliko kukumbuka kwamba klabu iliacha wachezaji wazeeke pamoja bila mpango.

Klabu ya pili ni Liverpool. Julai 1974, miezi mitatu tu baada ya United kushuka, Bill Shankly akatangaza kwamba anastaafu. Shankly aliikuta Liverpool daraja la pili mwaka 1959, akaipandisha, akaipa ubingwa wa ligi mara tatu. Mashabiki walimwona kama nabii. Kwa hesabu ya United, Liverpool ilipaswa kuanguka pia.

Haikuanguka. Ikapanda zaidi. Kwa nini? Kwa sababu Shankly hakuwa peke yake. Chini ya jukwaa la Anfield kulikuwa na chumba kidogo cha kuhifadhia viatu vya mpira. Humo ndani Shankly aliwaachia wasaidizi wake, akina Bob Paisley, Joe Fagan, Ronnie Moran na Reuben Bennett, wakae wakijadili wachezaji, majeraha, mazoezi, kila kitu, na kuandika kwenye madaftari. Kocha mkuu alipoondoka, kile chumba hakikuondoka naye. Paisley, ambaye alikuwa klabuni tangu 1939 na hata hakuwa na hamu na kiti kile, akasogea hatua moja mbele. Akashinda ligi mara sita na Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara tatu, 1977, 1978 na 1981. Alipoondoka, Fagan akasogea, na msimu wake wa kwanza akabeba makombe matatu. Shankly mwenyewe alipoendelea kufika mazoezini baada ya kustaafu, na wachezaji wakaendelea kumwita bosi, klabu ilimfanya aelewe kwamba zama zake zimeisha. Ni ukatili kidogo, na Shankly aliumia. Lakini linganisha na Old Trafford, ambako kila kocha mpya alikuwa na kivuli cha Busby mgongoni.

Klabu ya tatu ni Leeds United. Don Revie aliwapa ubingwa mwaka 1974, kisha akaenda kufundisha timu ya taifa ya England. Leeds wakamleta Brian Clough, mtu aliyekuwa akiwatukana hadharani kwa miaka, kuongoza kikosi kilekile alichokuwa akikitukana. Alidumu siku 44. Arobaini na nne! Sasa sikiliza hapa: Januari 1975 mtu huyohuyo akaenda Nottingham Forest, timu ya daraja la pili. Akaipandisha 1977, akachukua ubingwa wa ligi 1978, akabeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya 1979 na tena 1980. Akili ni ileile, mdomo ni uleule. Nyumba ndiyo ilikuwa tofauti, na huko Forest baadaye aliungana tena na msaidizi wake Peter Taylor, ambaye hakuwa naye Leeds. Kama ungemhukumu Clough kwa zile siku 44, ungesema hajui mpira.

Sasa tufike kwa Ferguson, maana najua mnamsubiri. Watu husema "alipewa muda" kana kwamba muda wenyewe ulifunga mabao. Lakini kabla yake, Dave Sexton alipewa miaka minne pale pale United. Alimaliza wa pili mwaka 1980, hakubeba kombe lolote kubwa, na akafutwa 1981 ingawa alikuwa ameshinda mechi saba za mwisho za ligi. Ron Atkinson alipewa miaka mitano. Akabeba Kombe la FA mara mbili, akaanza msimu wa 1985/86 kwa kushinda mechi kumi mfululizo, na bado akamaliza nafasi ya nne. Muda walipata. Ligi haikuja.

Ferguson aliingia Novemba 1986, timu ikiwa ya pili kutoka mkiani. Misimu yake minne ya kwanza alimaliza wa 11, wa 2, wa 11 na wa 13. Septemba 1989 City wakampiga 5-1. Desemba hiyo shabiki mmoja akainua bango Old Trafford kumwambia kwamba miaka mitatu ya visingizio inatosha, kwaheri. Manze, ukiangalia jedwali pekee, yule shabiki alikuwa na hoja.

Lakini jedwali halikuonyesha kilichokuwa kikiendelea chini. Ferguson alikuwa amepanga upya kazi ya kusaka vijana. Novemba 1987, siku ambayo mtoto mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi na City alitimiza miaka 14, alienda mwenyewe mpaka nyumbani kwao kumsajili. Mtoto huyo ni Ryan Giggs. Mwaka 1989 aliwauza Paul McGrath na Norman Whiteside, wachezaji waliopendwa sana na mashabiki, kwa sababu alitaka kumaliza utamaduni wa ulevi kikosini. McGrath alienda Aston Villa akang'aa, hata akachaguliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora wa mwaka 1993, kwa hivyo sio kila uamuzi ulikuwa wa bure. Ila ujumbe kikosini ulifika. Mwaka 1990 likaja Kombe la FA. Mwaka 1992 timu ya vijana, ikiwa na Giggs, Beckham, Butt na Gary Neville, ikabeba kombe la vijana. Mwaka 1993 ligi ikarudi baada ya miaka 26.

Kwa hivyo ukiniambia "mpe muda kama Ferguson", nitakuuliza: huo muda anaujengea nini? Muda ni kama shamba. Ukimpa mtu ekari tano na hapandi kitu, baada ya miaka mitatu utavuna magugu tu.

Na hapa ndipo mafanikio ya Ferguson yakageuka mtego, kama ya Busby. Aliondoka Mei 2013 akiwa bingwa kwa tofauti ya pointi 11. Kiangazi hichohicho, mkurugenzi mtendaji David Gill naye akaondoka. Nafasi yake akachukua Ed Woodward, mtu wa fedha na mikataba ya biashara. Wasaidizi wa Ferguson wakaondoka, maana David Moyes alikuja na watu wake kutoka Everton. Yaani kile chumba cha viatu cha Anfield, United walikiondoa chote ndani ya miezi mitatu, halafu wakamwambia mgeni apeleke gari. Ongeza na kwamba tangu familia ya Glazer inunue klabu mwaka 2005, mzigo wa deni la ununuzi ule uliwekwa juu ya klabu yenyewe.

Moyes alipewa mkataba wa miaka sita, akadumu miezi kumi. Louis van Gaal akabeba Kombe la FA Mei 2016, akafutwa siku mbili baadaye. José Mourinho akaleta makombe mawili makubwa mwaka 2017, akamaliza wa pili 2018, akafutwa Desemba hiyo. Ole Gunnar Solskjær akaja akaenda. Erik ten Hag akabeba makombe mawili, akaongezewa mkataba Julai 2024, akafutwa Oktoba. Ruben Amorim akaja na mfumo wa mabeki watatu, na msimu wa 2024/25 ukaishia nafasi ya 15 na pointi 42. Kila mmoja alitaka wachezaji wa aina yake. Aliyefuata akawakuta akawaona mzigo. Na unajua United walimteua lini mkurugenzi wao wa kwanza wa masuala ya mpira? Machi 2021. Miaka karibu minane baada ya Ferguson. Kisha mwaka 2024 wakamleta Dan Ashworth kwa kazi ya aina hiyo, akakaa miezi mitano tu.

Ni kama matatu yenye injini mbovu. Inazima pale Thika Road, mwenye gari anamfuta dereva, anaandika mwingine, inazima tena. Abiria tunabishana ni dereva yupi alikuwa bora. Hakuna anayefungua boneti.

Lakini nisiwaonee watu wa "atoke", kwa sababu wana ushahidi wao, na unaitwa Chelsea. Machi 2012 walimfuta André Villas-Boas, wakamwachia Roberto Di Matteo timu, na Mei wakabeba Ligi ya Mabingwa. Januari 2021 wakamfuta Frank Lampard, wakamleta Thomas Tuchel, na Mei wakabeba tena. Sasa utasema nini?

Nitasema tazama nani alibaki. Mwaka 2012, makocha walikuwa wamepita mlango ule kama abiria wa stendi, lakini Čech, Terry, Lampard na Drogba walikuwa pamoja tangu 2004. (Drogba, Lampard na Čech ndio waliobeba fainali ile; Terry alikuwa na adhabu.) Mwaka 2021, makocha walikuwa wamebadilika, lakini Marina Granovskaia alikuwa bado ndiye mwenye kuendesha usajili, na Čech alikuwa mshauri wa ufundi. Kocha aliondoka, nguzo zikabaki. Kisha mwaka 2022 klabu ikauzwa. Granovskaia na Čech wakaondoka Juni. Septemba, wamiliki wapya wakamfuta Tuchel. Shoka lilikuwa lilelile la miaka yote, ila safari hii hakukuwa na nguzo. Graham Potter akaja, akafutwa Aprili 2023, na Chelsea ikamaliza nafasi ya 12 baada ya kumwaga mamia ya mamilioni ya pauni kwa wachezaji wapya.

Upande wa "apewe muda" una Arsenal. Agosti 2021, Mikel Arteta alipoteza mechi tatu za kwanza, ya tatu 5-0 mbele ya City, na Arsenal ikawa mkiani. Misimu miwili iliyotangulia alikuwa amemaliza wa nane. Mnakumbuka kelele zile. Klabu ikashikilia, lakini haikukaa tu ikisubiri. Ilikuwa inanunua vijana wa umri mmoja kwa mpango mmoja, ikiachana na wenye mishahara mikubwa waliokuwa wamechoka. Akamaliza wa tano, halafu wa pili misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Mtu anaweza kubisha kama nafasi ya pili inatosha, na huo ni ubishi halali. Lakini kutoka mkiani mpaka hapo kulikuwa na kazi, sio subira tupu.

Na Liverpool wametuonyesha tena kwamba wanakumbuka kile chumba. Jürgen Klopp alitangaza Januari 2024 kwamba ataondoka mwisho wa msimu. Arne Slot akaja, na kwa msimu huo akaongezewa mchezaji mmoja tu, Federico Chiesa. Akabeba ligi mwaka wake wa kwanza. Moyes alimpokea bingwa akafutwa timu ikiwa ya saba. Slot aliipokea timu ya tatu akawa bingwa. Msimu uliofuata vichapo vilipokuja na wachezaji wengi wapya wakiwa wameingia kwa mkupuo, wale wale waliomwimba wakaanza "atoke!" Sisi mashabiki hatuna kumbukumbu, bana.

Kuna mtu ataniuliza, haya yote yanatuhusu nini sisi huku Nairobi? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, huu mpira unakula wikendi zetu, pesa za wengine wetu na hata urafiki wetu. Nimeona mabeshte wa miaka wakinyamaziana kwa sababu ya kocha ambaye hawajui kama tupo. Kama tutabishana, basi tubishane juu ya kitu cha maana.

Pili, tuna kocha wetu hapa nyumbani. Benni McCarthy, aliyewanoa washambuliaji wa United wakati wa Ten Hag, aliteuliwa kufundisha Harambee Stars Machi 2025, na Agosti hiyo timu ikafika robo fainali ya CHAN kwenye ardhi yetu, ikatolewa na Madagascar kwa penalti. Mji mzima uliimba. Lakini Harambee Stars wamepitia makocha wengi, na kila mmoja akienda tunaanza kuhesabu moja. Siku McCarthy akiondoka, iwe kwa heri au kwa kelele, nini kitabaki? Ligi ya vijana inayochezwa kila wikendi? Maskauti wanaojua mtoto wa Kakamega na wa Kwale kwa jina? Wasaidizi Wakenya waliojifunza kazi wakaiandika kwenye daftari? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi na United tumekuwa tukipaka ufa rangi, rangi mpya kila kocha mpya.

Kwa hivyo timu yako ikichapwa wikendi hii, na itachapwa tu, jiulize mambo matatu kabla hujachagua kundi. Nani ananunua wachezaji, na atakuwepo mwaka kesho? Wasaidizi wa kocha ni watu wa klabu au ni mizigo yake ya safari? Na kuna kijana gani wa miaka 17 anayeandaliwa kwa mchezo ambao kocha ajaye pia atautaka?

Ukipata majibu mazuri, mfute ukitaka, timu itasimama. Usipopata, hata ukimrudisha Ferguson mwenyewe, ataomba kwanza aonyeshwe chumba cha viatu kiko wapi.